Maziwa ya Vumbi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa tupa wala nyundo. Nilipewa kikombe cha maziwa.

Nyapara wa kiwanda, mzee mwembamba aliyevaa koti la mvua hata siku za jua, alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Kunywa kwanza. Hapa vumbi la mbao linaingia kifuani, na dawa ya kulitoa ni maziwa. Usipokunywa, usije ukanililia." Nikanywa. Wote walikunywa, wamesimama kando ya mtungi wa chuma, nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga wa mbao. Viwanda vingi vya zamani vilikuwa hivyo. Penye vumbi au penye rangi, mwajiri alitoa maziwa. Hakuna aliyeuliza maziwa yanayokwenda tumboni yanafikaje kifuani.

Kiwanda kilikuwa cha kupasua magogo, juu kule Molo kwenye baridi. Mimi niliajiriwa kujifunza kutunza misumeno. Wazungu waliotutangulia waliiita kazi hiyo saw doctor, yaani daktari wa misumeno, sisi tukaitamka sodokta, na wenzangu wakaifupisha zaidi wakaniita Daktari. Shuleni niliishia darasa la saba, kwa hiyo jina hilo lilinichekesha mwanzoni. Baadaye nililizoea, hata mke wangu akawa ananiita hivyo akitaka kunitania.

Nieleze kazi yenyewe, maana siku hizi sidhani wengi wameiona. Msumeno wa kupasulia magogo una meno makubwa kama vidole vya mtoto. Kwanza unayanoa kwa jiwe linalozunguka kwa mota, jino baada ya jino, kwa pembe ileile. Kisha unayapanga: hili unalipinda kidogo kulia, linalofuata kidogo kushoto, ili mpasuo uwe mpana kuliko bamba na msumeno usibanwe ndani ya gogo. Mwisho unalaza bamba juu ya fuawe na kuligonga kwa nyundo hapa na pale, kwa sababu chuma kikipata moto wa kazi hutanuka na kulegea. Bamba lililolegea huyumba. Linatoa mbao zenye mawimbi, na siku mbaya linaruka.

Mwenye kiwanda alikuwa Singasinga wa makamo, mwenye kilemba cha rangi ya samawati, tuliyemwita Bwana Mkubwa. Alikuwa na tabia ya kupita nyuma yangu na kusimama akisikiliza.

"Daktari, hii nalia. Angalia tumbo yake."

Nilisimamisha mashine nikaangalia. Mara nyingi alisema kweli. Mara nyingine ilikuwa beringi tu, naye akacheka. Lakini kulikuwa na neno moja alilolisema bila kucheka: "Msumeno hapana jua wewe iko nani. Hapana jua mimi nalipa wewe mshahara. Mkono nakuja, nakata." Nilimwona mtu mmoja tu akipoteza vidole kule Molo, na sikuhitaji kumwona wa pili.

Misitu ya serikali ilipofungwa, magogo yakapungua, na Bwana Mkubwa akahamishia mashine zake Nakuru, eneo la viwanda. Tulipasua miti ya mashambani, misaipresi na mikaratusi. Nyapara alihama nasi, na mtungi wa maziwa pia. Mimi na mke wangu Selina, Mama Nekesa, tukapata nyumba mtaa wa Section 58. Tulikuwa na binti mmoja, Nekesa, aliyekuwa karibu kumaliza sekondari.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunishika.

Kufikia mwaka wa 2007 nilikuwa nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kichwa kiliniuma asubuhi, koo limekauka. Nilisinzia nikinywa chai, nikasinzia kanisani, na mara moja nikasinzia nimesimama, nimeegemea rundo la mbao. Vijana wa kupakia walipata la kucheka.

"Wee Daktari, umejidunga sindano yako mwenyewe?"

"Mwacheni, ameambukizwa na wagonjwa wake. Sikia anavyokoroma, ni msumeno kabisa!"

Nilicheka nao. Kwetu mtu anayekoroma husemwa ameshiba. Ni sifa ya nyumba yenye chakula, na sikuona ugonjwa hapo. Aliyeuona ni Selina. Asubuhi moja alinimiminia uji akakaa mbele yangu bila kujimiminia wake.

"Baba Nekesa, unakoroma kama lori linalopanda Mau Summit."

"Pole. Geukia ukutani."

"Hilo nimelizoea. Shida ni lori likizimika."

"Likizimika vipi?"

"Linanyamaza. Kabisa. Nangoja, nangoja. Halafu unaruka kama mtu aliyetolewa majini, unavuta hewa, unaanza tena kupanda mlima."

Nilimwambia ni ndoto zangu. Akasema ndoto gani hiyo inayokuja usiku kucha. Tukaachia hapo, maana nilikuwa nimechelewa.

Nyapara naye alikuwa na jibu lake. "Ni vumbi," alisema. "Miaka yote hii lilikuwa kifuani, sasa limepanda kichwani. Tutaongeza dawa." Akaagiza niwe nikipewa maziwa mara mbili, asubuhi na baada ya chakula cha mchana, tena kwenye kikombe chake mwenyewe kikubwa cha bati, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Selina aliposikia, naye akaanza kununua maziwa kwa jirani aliyefuga ng'ombe, akanichemshia kila jioni yakiwa na malai juu. Basi watu wawili walionijali sana walikuwa wananijaza maziwa kutoka pande mbili, nami nilikunywa kwa shukrani. Nikanenepa. Shingo ilijaa mpaka shati likakataa kufungika juu. Selina akahamisha kifungo, na baada ya muda akakihamisha tena. Usingizi ukazidi, nasi tukaona vumbi ni jingi kuliko tulivyofikiria.

Siku moja, muda mfupi baada ya maziwa ya mchana, nilikuwa nikinoa. Nakumbuka jino moja, nakumbuka cheche, kisha sikumbuki. Nilichosikia baadaye ni mkono umenishika kola kwa nyuma na kunivuta kwa nguvu hadi nikakaa chini sakafuni. Kofia yangu haikuwa kichwani. Ilikuwa imeliwa na jiwe. Nyapara alikuwa amesimama juu yangu, bado ameshika kola.

Mashine zote zikazimwa. Bwana Mkubwa akatoka ofisini akiwa na glasi ya chai mkononi, akaiokota ile kofia, akaigeuzageuza.

"Daktari, leo toka kwa mashine."

"Bwana Mkubwa, unanifukuza?"

"Hapana fukuza. Mimi nataka wewe enda nyumbani na uso yako."

Nikapewa ufagio na kazi ya kupanga mbao kwa urefu. Mshahara haukuguswa. Lakini mtu aliyezoea kuitwa Daktari, akipita na ufagio mbele ya benchi lake, huangalia chini. Bwana Mkubwa alikuwa amesema wazi: mpaka ijulikane nina nini, sitashika jiwe la kunolea tena. Kama haitajulikana, basi.

Jioni nilimweleza Selina. Kesho yake saa sita mchana nilimwona akiingia lango la kiwanda amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alinipita kama hanijui, akaingia ofisini. Mlango haukufungwa, nami nilikuwa nikifagia hapo nje. Nilisikia yote.

"Bwana, mume wangu si mvivu."

"Mama, mimi jua. Miaka mingi mimi jua."

"Wala halewi. Mtu huyu usiku hufa na kurudi. Kila usiku. Na mimi ndiye shahidi, hakuna mwingine."

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Mama, sema tena. Nakoroma, halafu nanyamaza, halafu naruka?"

"Kama mtu aliyetolewa majini."

"Ndugu yangu kule Uingereza ilikuwa kama hiyo," akasema Bwana Mkubwa polepole. "Bibi yake nalala jikoni. Sisi nacheka yeye. Baadaye daktari nasema, hii ni ugonjwa, iko na jina. Sasa nalala na mashine ya hewa, kama rubani ya ndege." Kisha akapaza sauti: "Daktari! Wacha fagia hapo, ingia ndani, wewe nasikia kila kitu!"

Alimpigia simu daktari wa kifua hapo mjini aliyekuwa akimtibu mama yake mzee, na wiki iliyofuata tukaenda, mimi na Selina. Mapokezini kijana wa kuandikisha alimuuliza Selina amemleta nani. Kwa mazoea akajibu, "Nimemleta Daktari." Yule kijana akasimama, akanipa kiti chake. "Karibu, Daktari. Uko hospitali gani?"

"Ya misumeno," nikasema. Selina alicheka mpaka akajifuta machozi na kitambaa. Nafikiri ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu kofia ilipoliwa.

Daktari mwenyewe alikuwa mama wa umri wetu, mwenye sauti ya chini. Alinimulika kooni kwa tochi, akapima shingo kwa utepe kama fundi cherehani, akapima presha, ikawa juu. Aliuliza kama nasinzia mchana, kama kichwa huuma asubuhi. Kisha akamgeukia Selina, na maswali mengi akamuuliza yeye.

"Akinyamaza, unafanya nini?"

"Namsukuma ubavuni."

"Kila mara?"

"Nisipomsukuma, na kama mara hiyo hatarudi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Na wewe, mama, unalala saa ngapi?"

Selina akatazama sakafu. "Nitalala akipona."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo katikati yao. Tulikuwa tumezungumza usingizi wangu kwa miezi, na hilo swali halikuwa limeulizwa na mtu yeyote, hata mimi.

Daktari alitueleza kwa maneno mepesi. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengine hulegea mpaka zikaziba njia ya hewa. Pumzi inakatika, ubongo unashtuka, unamwamsha mtu kidogo tu avute hewa, kisha analala tena bila kukumbuka. Usiku kucha hivyo. Asubuhi anaamka kama mtu aliyebeba magunia. Moyo nao unachoka, presha inapanda. Jina lake ni apnia ya usingizi. Si vumbi, si uchawi, si uvivu.

Akauliza ninakula nini, ninakunywa nini. Nikamwambia kuhusu maziwa, ya kiwandani mara mbili na ya nyumbani yenye malai.

"Ya nini yote hayo, mzee?"

"Ya kutoa vumbi, Daktari."

Hakunicheka. "Mzee, vumbi liko kifuani, maziwa yanakwenda tumboni. Hizo ni nyumba mbili, na hazina mlango wa kupitana. Maziwa si sumu. Lakini kwa wingi huo yamekujenga shingo, na shingo nene inalibana koo zaidi." Alisema pia kwamba si unene peke yake, kwamba koo langu ni jembamba kwa kuzaliwa, na wako watu wembamba wenye ugonjwa huu. Alimtazama Selina aliposema hivyo. Lakini Selina alikuwa ameshikilia mkoba wake kwa mikono yote miwili, na njiani kurudi alisema neno moja tu: "Nilikuwa nakuchemshia mwenyewe."

"Ulikuwa unanitibu," nikamwambia.

"Nilikuwa nakuziba."

Nilimshika mkono hapo barabarani, jambo ambalo watu wa rika letu hawakulizoea, tukatembea hivyo hadi Section 58.

Ilibaki kipimo. Kilifanyika Nairobi: unalala hospitalini usiku mmoja ukiwa na nyaya kichwani na kifuani, na kibanio kwenye kidole cha kuonyesha hewa iliyo katika damu. Nilipangiwa mapema mwaka mpya. Kabla haujafika, uchaguzi ulifanyika, na mnajua ghasia zilizotufika Nakuru. Sitasimulia nani alimfanyia nani nini. Nilipoteza jirani niliyempenda, na yule mfugaji aliyetuuzia maziwa aliondoka na familia yake wala hakurudi. Barabara ya Nairobi haikupitika. Kiwanda kilifungwa. Selina alikesha akisikiliza vitu viwili, mtaa ulio nje na pumzi yangu ndani, na sijui ni kipi kilimtisha zaidi. Akajifunza kunilaza kwa ubavu, akishonea mpira wa soksi mgongoni mwa fulana yangu ili nisigeukie chali. Daktari ndiye aliyemfundisha hilo. Lilisaidia kidogo.

Barabara ilipotulia tukaenda. Nililala na nyaya zile, na asubuhi mtaalamu wa kipimo alinionyesha karatasi yenye mistari iliyopanda na kushuka, na mahali pengi mstari wa pumzi ulikuwa umelala kabisa. Selina aliviangalia vile vipande vilivyolala akasema, "Hapa. Na hapa. Hapa pia nilikuwepo." Alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje ya chumba usiku ule wote.

Mashine mpya ya hewa hatungeiweza kwa bei yake. Ndugu wa Bwana Mkubwa alikuwa amepata nyingine, akaitoa ile yake ya zamani, na binti wa Bwana Mkubwa akaja nayo kutoka Uingereza ndani ya sanduku la nguo. Daktari akaipima, akabadilisha barakoa na mrija, akaweka nguvu ya hewa inayonifaa. Ni kisanduku kidogo kinachosukuma hewa puani ili koo lisizibe. Nekesa aliponiona nimeivaa alishika tumbo kwa kicheko. "Baba, ni kama tembo wa kule mbugani!"

Mwanzoni nilidhani itaninyonga. Kisha sikumbuki kitu mpaka jua likawa dirishani. Kichwa hakikuuma. Niligeuka kumwambia Selina, nikamkuta amelala. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuamka kabla yake. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, mkono wake umeachwa ubavuni mwangu, pale alipozoea kunisukuma, lakini umelegea. Niliogopa kusogea. Nekesa alipogonga mlango kuuliza chai, nilimfanyia ishara anyamaze.

Nilirudi kwenye benchi. Bwana Mkubwa alisimama nyuma yangu siku nzima ya kwanza, akijifanya anakagua mbao. Jioni akasema, "Sawa. Leo msumeno peke yake nakoroma." Nyapara ndiye aliyeumia nilipokataa kikombe chake.

"Sasa vumbi litatoka wapi, Daktari?"

"Puani, Nyapara. Nitavaa kitambaa."

Alikunywa yeye mwenyewe, akinitazama juu ya ukingo wa kikombe. Baadaye Bwana Mkubwa alinunua vizuizi vya vumbi vya kufunga mdomoni kwa wote. Maziwa hayakuondolewa, maana watu wangegoma.

Nilistaafu macho yalipoanza kushindwa kuona ncha ya jino. Tukahamia kwenye kiploti chetu nje ya Gilgil. Mkiniuliza nimejifunza nini katika kazi, nitawaambia mnoe kabla msumeno haujalia, na anayesinzia kazini msimwite mvivu kabla hamjamuuliza anayelala naye chumba kimoja. Zaidi ya hayo sina hekima ya kuwapa.

Selina alikuwa mlalaji huko Gilgil. Majirani walimtania kwamba amekuwa mzungu, jua linampata kitandani. Niliwaambia, "Mwacheni, analipwa usingizi wake." Alilipwa miaka kadhaa. Kisha kiharusi kikamshika, akakaa hospitalini siku chache, akaenda. Sikuwa nimejiandaa.

Baada ya mazishi niliiacha ile mashine juu ya kabati. Nekesa, ambaye sasa anafanya kazi shamba la maua na anakaa Karagita kule Naivasha, alikuja kunitazama akanikuta nimesinzia kwenye kiti mchana, kidevu kifuani.

"Baba, unavaa mashine?"

"Sivai."

"Umeme hakuna?"

"Umeme upo."

Nikamwambia ukweli, maana sijui kudanganya vizuri. Nikiivaa nalala usingizi mzito, na nikilala hivyo asubuhi naamka nimesahau kwamba Selina hayupo. Nanyoosha mkono. Nisipoivaa nashtukashtuka usiku kucha, sisahau hata kidogo. Nilikuwa naona heri kutosahau.

Nekesa aliishusha kutoka kabatini. Akaosha barakoa kwa maji ya uvuguvugu, akaianika kwenye kamba, akarudi akakaa karibu nami.

"Baba, mimi siwezi kukusukuma ubavuni," akasema. "Niko Karagita."

"Najua, mama."

"Basi nisaidie."

Usiku ule niliivaa. Asubuhi niliamka kichwa chepesi, nikanyoosha mkono, nikakuta shuka baridi. Nikavua barakoa nikalia, kwa pumzi kamili, mpaka nikamaliza. Kisha nikaondoka kitandani nikampikia Nekesa chai kabla hajarudi Naivasha.